Kutafuta Hoteli ya Ngazi Mbili

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya vyungu vya mama mkwe wangu. Miaka ile biashara huria ilikuwa imeshafika hadi Newala. Ndoo za plastiki na sufuria nyepesi zilipangwa madukani mpaka nje barazani, na wanunuzi wa vyungu wakapotea. Mkwe wangu huyo, Mama Somoe, mfinyanzi anayejulikana kijiji kizima cha Makote, alikuwa akifinyanga na kuweka tu ndani. Kisha akapita mgeni mmoja wa Kiholanzi, Bi Marieke, akanunua vyote. Baadaye ukaja mwaliko: jumba moja la makumbusho la Amsterdam lilimtaka Mama Somoe aende akafinyange mbele ya watu, pamoja na mkalimani.

Mkalimani ni mimi, mwalimu wa Kiingereza, Mmakua wa Lulindi niliyeoa Makote. Mke wangu Somoe ndiye angefaa kumsindikiza mama yake, lakini Kiingereza hajui, na alikuwa na kichanga chetu, Hadija. Hapo ndipo penye kazi. Kwetu mkwe na mama mkwe hawali pamoja, hawatumii bafu moja, wala hawasemezani uso kwa uso. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini ampishe mwenzake.

Mjomba wa mke wangu, mwenye neno katika ukoo, aliniita kabla sijafunga begi.

"Mwalimu, tunakukabidhi dada yetu. Mkirudi nitamuuliza yeye, sikuulizi wewe. Akisema heshima imevunjika, hapa Makote utahama, na mke utamwacha."

"Nimesikia, mjomba," nikajibu, nikaenda kufunga begi.

Kutoka Newala mpaka Masasi mambo yalikwenda vizuri: mama mbele karibu na dereva, mimi nyuma juu ya magunia ya korosho. Kwenye basi la Dar es Salaam nako tulikaa mbalimbali. Ndegeni viti vyetu vilikuwa vimeshikana. Nilimsihi mzungu mmoja tubadilishane, akakubali kwa furaha kwa sababu changu kilikuwa dirishani. Mama akasafiri na mzungu yule mpaka Ulaya, kiroba chake cha udongo wa kufinyangia kikiwa miguuni.

Amsterdam tulifika asubuhi. Jamani, mji ule! Maji yamepita kati ya nyumba kama barabara, na nyumba zenyewe nyembamba, ndefu, zimebanana mabega. Baiskeli zilitupita kushoto na kulia. Nilitamani kucheka na kupiga kelele kwa pamoja. Bi Marieke alitupokea, akanipa posho ya malazi.

"Hoteli mchague wenyewe," alisema. "Za kifahari zitawamaliza. Za bei ya kati zipo nyingi kando ya mifereji."

Juu ya daraja la kwanza Mama Somoe alisimama. Kwa kuwa hasemi nami moja kwa moja, aliuambia ukingo wa daraja.

"Maji yote haya! Na sisi tunashuka bondeni na kupanda mlima na ndoo kichwani. Ukingo, mwambie mwalimu aulize kama yanakunyweka."

Nikauliza. Hayanyweki. Mama akasonya.

Hoteli ya kwanza ilinivutia tangu mlangoni: mashuka meupe, maua dirishani, kifungua kinywa ndani ya bei. Kisha nikaiona ngazi. Ilikuwa wima kama ya kupandia darini, na badala ya ukingo kulikuwa na kamba. Nikimfuata mama nyuma, macho yangu yataangalia wapi? Nikitangulia, miguu yangu itakuwa juu ya kichwa chake. Na bafu lilikuwa moja, la ghorofa nzima.

"Ngazi nyingine iko wapi?" nikamuuliza mwenye hoteli.

"Nyingine ya nini?"

Hoteli ya pili ilikuwa hivyohivyo, na ya tatu. Ya nne ilikuwa boti kubwa iliyofungwa ukingoni, haina ngazi kabisa, nikafurahi. Mama akaitazama ikicheza kidogo juu ya maji.

"Nangu, mimi, silali ndani ya mtumbwi," akakiambia kiroba chake.

Ngazi mbili tulizipata mahali pamoja tu, kwenye hoteli yenye bawabu wa vifungo vya dhahabu, na bei yake ilinirudisha nje bila kuaga. Bi Marieke, aliyekuwa akitembea nasi, alikuwa ameanza kuchechemea. Ndipo akili ikanijia: tukae hoteli mbili! Zilikuwa zikitazamana, mfereji katikati. Mama ng'ambo ile, mimi kwa mzee Willem, mwenye hoteli ya ng'ambo hii. Asubuhi akiwa tayari angetundika khanga dirishani, nami ningemfuata kwenda makumbusho. Bi Marieke alimfikisha mpaka chumbani. Nilijiona bingwa, nikalala usingizi wa pono.

Kulipokucha, dirishani hapakuwa na khanga. Nikanywa chai, nikatazama tena. Hakuna. Nilivuka daraja mbio mpaka kwenye hoteli yake.

"Yule mama ameondoka," wakaniambia. "Na mzigo wake wote."

Mama Somoe hajui neno la Kiingereza wala la Kiholanzi, na mifereji ile yote inafanana. Nilikimbia kando ya maji nikiuliza watu wanaoinua mabega tu, huku nikijiona nafunga virago Makote na mke wangu akinitazama mlangoni. Kule makumbusho wageni walikuwa wanamsubiri. Nikaamua nirudi kwangu nimpigie simu Bi Marieke.

Mama Somoe alikuwa amekaa mezani kwa mzee Willem, kiroba miguuni, anakunywa chai. Kumbe nilipokuwa navuka daraja hili, yeye alikuwa ameshapita lile la pili.

"Shikamoo mama," nikasema, nikageuza uso.

"Marahaba. Nitazame, Baba Hadija."

Nikamtazama. Miaka yote ile ya ndoa sikuwa nimeyaona macho yake. Yalikuwa mekundu.

"Tangu jana jioni sijasemezana na mtu. Niliomba maji, mwenye nyumba akaniletea taulo. Kule Makote nakaa mbali na wewe kwa sababu nimezungukwa na watu wangu. Hapa watu wangu ni nani? Si wewe?"

Machozi yalinitoka mbele ya mkwe, aibu juu ya aibu.

"Na ngazi, mama?" nikauliza baadaye.

"Tutapigiana hodi. Na bafu pia hodi."

Basi tukakaa hoteli moja. Anayetaka kupanda alipiga hodi kutoka chini, na mwenzake akasubiri ndani. Wageni wengine waliipenda desturi hiyo, na haukupita muda hata mzee Willem akawa anapiga hodi kwenye ngazi yake mwenyewe. Kule makumbusho Mama Somoe alifinyanga akiuzunguka udongo huku ameinama, na watu walipoona chungu kinaota shingo bila gurudumu la kufinyangia walipiga makofi mpaka akajifunika uso kwa khanga. Mimi nilisimama kando yake nikitafsiri, na nilitamani kuimba kwa furaha.

Tulirudi kwa njia ileile. Stendi ya Masasi aliivuta khanga kichwani na kunipa mgongo.

"Utingo, mwambie mwalimu ashushe kiroba," alisema. Niliumia kidogo, nisifiche.

Makote tulikuta ukoo umekaa uani. Mama alikaa upande wa wanawake, uso ukutani. Mjomba hakungoja hata salamu ziishe.

"Dada, mlilala wapi?"

Nilichojifunza safarini nilikielewa vizuri pale. Mimi nilizitafuta ngazi mbili ili niokoe nyumba yangu, sikuuliza mwenye heshima yake anahitaji nini.

"Nyumba moja," Mama Somoe akasema. "Ngazi moja, bafu moja."

Mke wangu alimkumbatia mtoto akanitazama.

"Mimi ndiye niliyemfuata," Mama Somoe akaendelea, bado anauangalia ukuta. "Kama kuna wa kuhama hapa Makote, nihamisheni mimi."