Hirizi Nne za Kilifi

Haya jamani, bora nijisimulie mwenyewe, maana kila anayeieleza habari hii pale sokoni Malindi ananiongezea aibu nisizozifanya, mara eti nililia (sikulia, ile ilikuwa mvua), mara eti nilimpanda mgeni wa heshima kichwani. Sikumpanda. Nilimkosa kwa shubiri moja.

Miaka hiyo ya themanini nilikuwa kijana wa kupeleka mikate. Kila alfajiri napakia mikate ya Ami Twaha mwenye tanuri kwenye ile baiskeli yangu ya mamba nyeusi niliyoachiwa na marehemu baba, nazunguka mji mzima huku naota kwamba siku moja watu watapanga mstari barabarani wakiita Kahindi, Kahindi. Basi zikatangazwa mbio za baiskeli, Kilifi mpaka Malindi, zawadi baiskeli mpya kabisa. Rafiki yangu Safari alikuwa fundi wa baiskeli asiye na baiskeli (mwenyewe alikuwa akijicheka), anakuja kazini kwa miguu kutoka Ganda kila siku, tukapatana kwamba nikishinda, ile mpya iwe yangu na mamba iwe yake. Akaihudumia mamba wiki nzima, hata chai hakuniomba.

Jumamosi tukafika Kilifi, tukafikia kwa shangazi yake. Jioni natoka kununua mafuta ya nazi ya kujipaka miguu, namwona Safari chini ya baraza ya duka amesimama na Onyango, yule wa Mtwapa, mwenye baiskeli ya usukani uliokunjika kama pembe za kondoo, ambaye kila mtu alisema ndiye atakayeshinda. Wananong'ona. Mara Onyango akainama, akagusa kiatu cha Safari, wakacheka. Sasa niambieni, nani anagusa kiatu cha mtu aliyekutana naye leo?

"Mlikuwa mnaongea nini?" nikamuuliza.

"Mambo ya mvua," akasema Safari, akaangalia pembeni.

Mambo ya mvua! Nikalala na jicho moja wazi, na hilo jicho nalo likanisaliti, maana nilipoamka kumekucha, kusi linavuma, mvua inamwagika, na Safari hayupo. Mamba nayo haipo nilipoiegemeza. Iko upande wa pili wa nyumba, chini ya paa. Nikaikagua kuanzia karia mpaka kengele, nikafika kwenye breki, nikainama kutazama vizuri. Kwenye mipira yote minne kumefungwa vipande vya ngozi nyeusi, vimeshonwa kwa uzi mweusi, vidogo, nadhifu. Bibi yangu alivaa kitu kama hicho mkononi maisha yake yote. Hirizi naijua.

Kwa hiyo ameninunua! Yaani, amenunuliwa! Onyango amemnunua Safari wangu!

Mtu mwenye akili angeuliza. Hapo ndipo mkasa wenyewe ulipoanzia, kwamba sikuuliza. Nilichukua wembe, nikazikata zote nne, nikazitupa kwenye mikorosho nyuma ya nyumba kwa mkono wa kushoto, nikatema mate mara tatu. Safari akarudi amebeba mandazi ya moto kwenye gazeti, amelowa chapachapa.

"Umeiona baiskeli?"

"Nimeiona."

"Basi leo usiogope kona," akasema, akatabasamu.

Angalia hayo meno, nikajiambia. Shangazi yake akaleta chai ya tangawizi, nikamwambia Safari, "Kunywa wewe kwanza." Akanywa. Bado sikuiamini (huenda yeye ana dawa ya kujikinga). Nikaondoka na tumbo tupu, naye akakimbilia lori lililowapeleka watu Malindi kutungojea.

Mnaodhani pwani hakuna baridi, njooni mwezi wa sita mpande baiskeli kwenye mvua saa mbili na zaidi bila chai. Vidole vikawa vya mtu mwingine. Meno yananigongana mpaka nasikia mwangwi. Nilikuwa nimevaa mfuko wa unga chini ya shati kuzuia upepo, kumbe ulibaki na unga ndani, maji yalipopenya nikawa na donge la unga tumboni. Lakini kusi lilitusukuma mgongoni, na mapaja ya mikate si ya mchezo, wenye baiskeli za fahari wakawa wanabaki nyuma mmoja mmoja. Matsangoni mama mmoja kanyoosha kikombe cha uji, nikamkwepa kama nyoka. Karibu na Gede mbuzi akakatiza, nikabana breki, hakuna kitu, zinateleza kama sabuni, ikabidi niburuze ndara mpaka soli ikabaki barabarani. Nikasema eeh, hirizi nimezitoa lakini bado zinafanya kazi.

Tukikaribia Malindi mbele yangu amebaki Onyango peke yake. Akapunguza, akanisubiri, akaniuliza, "Ndugu, breki zako zinashika?"

Jamani! Yeye ndiye anauliza! "Zinakuhusu nini?" nikamfokea, nikakanyaga kwa hasira zote.

Kona ya mwisho iliingia uwanjani. Onyango akapunguza. Mimi nikabana mpaka mkono ukauma, mamba ikazidi kukimbia, nikampita, na kwa muda wa kupepesa jicho nilikuwa wa kwanza, watu wanaita Kahindi, Kahindi, ndoto yangu yote. Kisha barabara ikakata kulia, mimi nikanyooka. Mgeni wa heshima akaruka. Nikaingia kwenye meza ya chai, na juu ya meza mikate ya Ami Twaha, ile ile niliyoipenda kama wanangu, ikaruka yote matopeni, na nyuma ya meza, imefungwa utepe mwekundu, baiskeli ya zawadi. Nikaigonga katikati ya gurudumu.

"Kahindi mwanangu," akasema Ami Twaha kwa upole wa kutisha, "mikate hupelekwa. Haigongwi."

Ningenyamaza hapo, pengine watu wangenihurumia. Nikasimama na donge langu tumboni, nikamwonyesha Safari kidole mbele ya uwanja mzima. "Muulizeni huyu! Kanifunga hirizi nne kwenye breki! Kanunuliwa na yule wa Mtwapa!"

"Hirizi gani?" Safari akauliza.

"Zile za ngozi! Nimezikata!"

"Umezikata," akasema, si kwa hasira, bali kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

Onyango, aliyekwisha shinda bila mtu kumtazama, akaja, akainua baiskeli yake ili watu waone. Kwenye breki zake, vipande vinne vya ngozi. "Rimu ikilowa mpira unateleza, ngozi ndiyo inayoshika. Rafiki yako aliniuliza jana nafanyaje kwenye mvua, nikamwambia atafute ngozi laini ya kiatu."

Uwanja ukapasuka kwa kicheko. "Kijana," mama mmoja akapaza sauti, "kumbe kila fundi viatu ni mganga na hatujui!"

Sikumsikia vizuri, maana nilikuwa natazama miguu ya Safari. Viatu vyake vya kanisani, jozi yake pekee, havikuwa na ndimi, ile ngozi ya chini ya kamba. Kamba zilikatiza juu ya soksi tupu.

Zawadi ikabidi inyooshwe papo hapo ili Onyango aondoke nayo, na fundi alikuwa mmoja. Safari akapiga magoti matopeni, mimi nikamshikia gurudumu, tukainyoosha pamoja ile baiskeli ambayo ingekuwa yangu ili mamba iwe yake. Muda wote aliniambia maneno mawili tu, "Shika vizuri." Jioni akaenda Ganda kwa miguu, kama kawaida.

Wiki iliyofuata nilirudi Kilifi, nikapekua mikorosho asubuhi nzima huku shangazi yake Safari akinitazama mlangoni. Nilipata vipande viwili. Nikavishona kwenye viatu kwa mkono wangu, vikakaa upande kama kofia ya mlevi, na Safari huvivaa hivyo hivyo kanisani. Na siku zile anazochelewa kumaliza kazi, mamba hulala Ganda, na mimi ndiye ninayetembea.

Tangu siku ile nikiona chochote nisichokijua kwenye baiskeli, hata tope likigandia vibaya, sigusi wembe. Naita kwanza, "Safari, hiki ni nini?"

Naye hainui hata kichwa. "Hirizi hiyo, Kahindi. Kata."