Shikamoo ya Handakini

Hapana, siyo Mzungu! Na wewe usinianze, maana nimeshagombana asubuhi na sauti imeanza kukauka. Huo uongo namjua aliyeutunga, na siku anautunga nilikuwepo.

Leo hapa kwenye meza yangu ya chai, Mikumi, kijana mmoja anayetembeza wageni amekaa na watu wake anawapa stori. Kule Kilosa, anasema, juu ya reli kuna gofu la mawe la Wajerumani, na chini yake kuna handaki linaloshuka mpaka karibu na mto. Mle ndani eti kuna mzimu wa afisa wa Kijerumani, anatembea na taa, analinda hazina yake. Nikaweka birika chini.

"We kaka, hiyo taa umeiona wewe?"

"Dada, wageni wanapenda hivyo. Tena wiki hii tunaweka kibao pale mdomoni: Handaki la Mzungu."

"Na waliofia mle ndani?"

"Kina nani? Ukianza habari za minyororo, dada yangu, hata chapati zako hazitashuka."

Kina nani! Anauliza kina nani!

Mimi nimelelewa na bibi, chini ya lile gofu. Kiangazi visima vikikauka, wanawake wote wa kwetu walikuwa wanateremka mtoni, na njia ilipita pale pale mdomoni mwa handaki. Tulikuwa tunaondoka umande haujakatika, tumbo lina kiporo cha ugali na mlenda, mimi na kidumu changu, bibi na ndoo. Kurudi ndiko kulikuwa na kazi, kile kilima kinakata pumzi. Lakini tukifika pale mdomoni bibi alikuwa anasimama, anakunja magoti taratibu, ndoo iko kichwani, tone halimwagiki. Anachota kata moja ya kwanza, anaimimina pale kwenye jiwe. Halafu anasema, "Shikamooni. Kunyweni."

Na huondoki. Unasubiri waitikie. Siku ya kwanza nikamwuliza, bibi, mbona kimya? Akaniambia, "Midomo yao imekauka. Mkubwa ukimwamkia, unampa nafasi ya kuitika."

Basi tunasimama, shingo inauma, mle ndani upepo unaguna kama mtu mwenye homa. Garimoshi likipita kule chini, mawe yalitetemeka na kitu kikalia ndani kama chuma kinaburutwa. Watoto wengine walikimbia. Mimi nilimshika bibi kanga. Alikuwa ameambiwa na bibi yake: Mjerumani alikamata watu mashambani wakabebe mizigo na kuvunja mawe, akawafunga shingo kwa shingo, jioni anawasukumia mle kama mbuzi. Maji hakuwapa. Mto wanausikia, na hawaufikii. Ndiyo maana kila mwanamke aliyepita pale alimimina kata yake, mama baada ya mama, hajui hata jina la anayemnywesha.

Sasa sikia ujinga. Kwa sababu ya yale maji, pale mdomoni palikuwa na majani mabichi kiangazi chote, kilima kizima kimeungua, pale tu kijani. Sisi tuliona kawaida. Jirani yetu mmoja, fundi baiskeli, yeye akaona mali. "Majani hayawi mabichi bure," akawa anawaambia wenzake. "Chini pana zebaki ya Wajerumani, mali ya mamilioni." Mke wake mwenyewe alikuwa anamimina maji pale! Hakumwuliza. Akaleta mganga na kuku mweusi, wakaleta sururu, wakachimba.

Tulitoka mtoni tukawakuta shimoni. Jirani amekaa kwenye tope, kashika mnyororo. Mnyororo mnene, una pete za chuma, pete za shingo. Nyingi kubwa. Ya mwisho ndogo.

Bibi akatua ndoo. Akaichukua ile pete ndogo, akaiosha kwa maji yake yote, akaniangalia mimi, shingo yangu, akaangalia pembeni.

"Bibi, hicho ni chuma tu," jirani akasema.

"Baba, kirudishe. Nakuomba."

Hakukirudisha. Alikifunga kwenye keria ya baiskeli akapeleka stesheni kwa wanunua vyuma chakavu. Bibi akamfuata kwa mguu, mzee yule, na jua lile. Alirudi kanga imejaa vumbi, mikono mitupu. Nilimpikia maboga, anayapenda kuliko kitu chochote, akayaacha yakapoa.

Watu walipoanza kumcheka jirani kwamba kachimba zebaki kapata takataka, ndipo akaibuka na hadithi mpya. Eti hazina aliiona kwa macho yake! Eti akatokea Mzungu na taa, akaihamisha! Ndiyo huyo Mzungu wenu. Kazaliwa kwenye kijiwe cha baiskeli, kwa aibu ya mtu mzima, leo anatengenezewa kibao.

Nimeenda kule mwezi uliopita. Bomba limefika mtaani, nashukuru, sitaki mtoto yeyote aumwe shingo kwa ndoo tena. Lakini ile njia imeota miiba. Bibi kashazikwa, na wenzake wa ndoo wengi wamemfuata. Pale mdomoni pakavu, rangi ya jivu kama kwingine kote. Nilikuwa na chupa ya maji nimebakiza nusu. Nikaimimina, nikaamkia, nikasubiri. Upepo haukuguna. Sijui wamelala au wametususia, na wakitususia wana haki.

Mimi shule niliishia la saba, mengine nimeokoteza mwenyewe kwenye vitabu vya watu. Yule kijana ana cheti cha kutembeza wageni. Sawa. Na wewe uliyekaa hapo unanibishia eti "hadithi ni hadithi tu", nijibu moja kabla hujamaliza hiyo chai: ile pete ndogo ilivalishwa shingo ya Mzungu gani?