Mate ya Delbert

Katika mji wa Drumright, Oklahoma, hakuna fundi aliyechomelea mabomba ya gesi kwa muda mrefu kama Delbert Hatcher, wala aliyetema mate kazini kama yeye. Bomba halichomelewi likiwa baridi. Lisipopashwa moto kwanza, mshono hupasuka. Delbert alifundishwa na baba yake kwamba chuma kinachokausha mate papo hapo kiko tayari. Basi alitafuna tumbaku yake, akatema, akasikia "chwii," akaanza kazi.

Kisha serikali ikabadilisha kanuni za usalama wa mabomba. Kwa muda mrefu kanuni hizo zilishikilia viwango vya kale ambavyo wahandisi wenyewe walikwisha kuviacha. Zilipokwenda na wakati, kampuni iliwaita mafundi wote wapimwe upya. Atakayeshindwa hatagusa tena bomba la gesi. Delbert alikuwa amepita miaka sitini, na kazi nyingine hakuijua.

Asubuhi ya kupimwa, uani kwa kampuni kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Mkaguzi, Renee Castleberry, alimwonyesha kipimajoto.

"Kiko hapo, mzee."

"Mate yangu hayahitaji betri, binti."

Wenzake wakaangua kicheko, rafiki yake Clint akiwa wa kwanza. Delbert akapasha bomba, akatema, likalia chwii, akachomelea. Mshono ulitoka mzuri kama msuko wa nywele. Lakini kipande chake kilipokatwa na kukunjwa kwenye mashine ya kupimia uimara, kikapasuka.

Hakuna aliyecheka.

"Nimefanya hivi tangu hujazaliwa," Delbert alisema kwa sauti ndogo.

"Najua. Gesi anayopikia mama yangu inapita kwenye mishono yako. Lakini mabomba yale yalikuwa na kuta nyembamba, mzee. Haya yana kuta nene. Mate yanakupa habari za ngozi ya chuma tu, ndani bado baridi. Una nafasi moja zaidi baada ya chakula."

Delbert hakula. Alikaa ndani ya pikapu yake, mkate wenye nyama aliofungiwa na mkewe Loretta ukiwa mapajani. Aliona kwamba akishika kile kidude, atakuwa amemwita marehemu baba yake mwongo. Alikaa na wazo hilo mpaka kioo kikajaa ukungu. Ndipo likamjia jingine: mzee yule alitema mate kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kupimia.

Akarudi uani. Akapasha bomba, akatema kwa mazoea. Chwii. Wenzake wakatazamana. Delbert akachukua kipimajoto, akapima, akakunja uso.

"Bado," akasema, akarudisha moto. Akapima tena, huku na huku, mpaka akaridhika, ndipo akachomelea.

Safari hii kipande kilikunjika kama kiatu cha farasi, bila ufa hata mmoja.

"Kwa hiyo mate yamestaafu, mzee?" Clint akauliza.

"Wapi! Yamepandishwa cheo. Sasa yanasimama tu na kutazama wengine wakifanya kazi, kama wewe."

Renee akacheka, akampa kile kipande, kingali na joto. Delbert akakitia mfukoni, akaenda kula mkate wake.