Ijumaa Kompyuta ya Wajawazito Ilipogoma Kuwaka

Siku yangu ya kwanza katika kituo cha afya, upande wa Pongwe, Mganga Mfawidhi alinikabidhi kompyuta yenye mfumo wa Linux. "Hoza, humu wamo wajawazito wetu wote. Usije ukanipotezea." Nilikuwa na darasa la saba na kozi ya miezi mitatu. Mpaka leo sijui kama nilistahili.

Umeme ulikuwa ukikatika na kurudi kwa kishindo, nikaweka utaratibu: adhana ya Ijumaa ikilia, aliye karibu azime swichi ya chumba cha kumbukumbu, ndipo twende msikitini.

Alipokuja Mganga Mfawidhi wa tatu, mama wa Kisambaa mwenye sauti ya chini, Ijumaa moja nilianza kupandisha mfumo kwenye toleo jipya. Nikatoka kufuata rejista wodi ya wazazi. Sikumwambia mtu. Adhana ikalia nikiwa bado wodini, na Bi Mwanaidi wa usafi akazima, kama nilivyomfundisha.

Tuliporudi kutoka msikitini nikawasha. Kioo cheusi, maandishi meupe: kerneli imeshindwa. Kerneli ndiyo kiini kinachoamsha mfumo mzima.

"Nani kazima?" akauliza yule mama, daktari wetu.

"Mimi, daktari," akasema Bi Mwanaidi.

"Basi kesho usije."

"Lakini Mzee Hoza ndiye..." Bi Mwanaidi akanitazama, akaishia hapo. Na mimi sikuimalizia sentensi yake. Wallahi, hilo lilinishtua kuliko kile kioo.

Nikazima, nikawasha tena huku nimeshikilia kitufe cha Shift. Orodha ikatokea, na kerneli ya zamani bado imo, maana toleo jipya haliifuti papo hapo. Nikaichagua. Majina ya wajawazito yakarudi. Nikaiamuru kompyuta imalizie kazi iliyokatika, nikawasha upya, ikaamka yenyewe.

"Fundi huyo!" wakashangilia wenzangu.

Hapo ndipo nikasema: "Daktari, amri ya kuzima ni yangu. Na kuiacha inafanya kazi bila kumwambia mtu, ni mimi. Bi Mwanaidi hana kosa."

Akanitazama sana. "Bi Mwanaidi, kesho njoo. Na wewe, mzee, ingekataa kuwaka ungesema?"

Nikainama, nikaanza kupanga rejista za wodi.

Ijumaa iliyofuata Bi Mwanaidi alisimama mlangoni. "Mzee Hoza, nizime, au umeinjika kitu motoni?" Chumba kizima kikacheka, naye akacheka zaidi yao.

Sasa nimestaafu. Vijana mkiniuliza kitufe cha kushikilia, nawaambia bila kusita. Lile swali la daktari nimelirudia mara nyingi, na kila mara jibu ninaloliona silipendi.