Mafuta Makali ya Mama Visu

Mtaani walimwita Mama Visu, na jina hilo lilimfurahisha kuliko alilopewa na wazazi wake. Visu vyenyewe vilikuwa chini ya pawatila kuukuu aliyolimia bustani za watu, mashine ya kusukuma kwa mikono, iliyotoka rangi zamani lakini haikujua kuugua. Mume wake ndiye aliyeinunua wakiwa vijana, akaiendesha mpaka kiharusi kilipomlaza. Tangu hapo mke akashika mashine, mume akashika kitanda cha chumba cha mbele, chini ya dirisha, akawa anaifuata kwa masikio ikitoka uani na kupotelea njiani. Chakula, dawa na yule dada wa kuja kumnyoosha mguu, vyote vilitoka kwenye pawatila hiyo. Ikifa, nyumba imekwisha.

Siku ya kubadilisha mafuta ya gia, mzee alisema kwa ulimi wake mzito, "Chukua ya kawaida. Makali usiguse."

"Ya kawaida, ya kawaida! Mzee wangu, hata kuugua hakujakutoa huo mkono wa birika?"

Mzee akacheka kwa upande mmoja wa uso. Alitaka kuongeza neno, likamkwama, akaliacha. Hayo ndiyo matatizo ya watu waliotaniana maisha yao yote, onyo likija linapokelewa kama mzaha mwingine.

Mwenye duka la vipuri alimtolea kopo la kawaida, limejaa vumbi. Mama Visu akalitazama kama mtu aliyewekewa kiporo.

"Hakuna bora kuliko haya?"

"Yapo makali, ya malori. Hayo yanabeba mzigo, mama, si mchezo. Ila mashine yako ni ya zamani, sijui ndani ina nini."

"Ina uhai. Nipe ya malori."

Alitaka kuitendea wema mashine iliyomlisha, basi. Laiti angekuwa mzembe, ningemlaumu kwa raha zangu.

Mafuta yale yalinuka kiberiti. Alipoyatia, pawatila ikatulia kuliko siku zote, naye akatamba peke yake uani. Lakini wiki zilivyokwenda, ukaanza mlio mwembamba kutoka tumboni mwa mashine, kama mbu asiyeonekana. Akasingizia udongo mgumu. Kisha boksi la gia likawa linachemka hata kwa kazi ndogo. Akasingizia jua. Mzee alipouliza inaliaje siku hizi, alimjibu, "Vizuri tu, pumzika," akaharakisha kwenda jikoni ambako hakuwa na kazi yoyote.

Mvua zilipokaribia na watu kuanza kumwita, akaona afadhali ajue moja. Aliweka beseni, akafungua nati ya chini. Mafuta yalitoka meusi, na ndani ya weusi ule kulikuwa na kitu kinachometameta. Akachovya kidole, akasugua: vumbi laini la rangi ya dhahabu. Lilikuwa zuri kutazama, naye akaenda kumwita fundi.

Fundi wa mashine alikuwa mtu wa maneno mengi na utani usiokwisha. Siku hiyo alilinusa lile vumbi, akalipangusa kwenye kitambaa, asitanie.

"Uliweka ya malori?"

"Ndiyo."

"Mama, gia yako ya ndani ni ya shaba. Mafuta hayo yana dawa ya kulinda chuma kwa chuma. Shaba yanaitafuna, polepole."

"Basi weka gia nyingine."

"Niitoe wapi? Waliokuwa wanaitengeneza walishafunga kiwanda." Akafuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Nitakutilia ya kawaida. Lakini meno yamebaki kidogo mno, sikudanganyi."

"Mzee asijue," akasema Mama Visu. Fundi akaondoka kwa kuzunguka nyuma ya nyumba, asipite dirishani.

Asubuhi iliyofuata mvua ya kwanza, mzee aliamka mchangamfu. "Leo udongo ni laini," akasema. "Washa, nikusikie ukienda kazini."

Akavuta kamba. Injini ikanguruma mara moja, safi kabisa. Akaingiza gia. Chini pakatafunika kitu, kama karanga zenye mchanga, kisha pakawa kimya. Gia ile ndiyo iliyozungusha magurudumu na visu, na sasa hakuna kilichozunguka. Injini peke yake iliendelea kuunguruma, nyepesi, haina mzigo wowote duniani.

"Ndiyo hiyo!" mzee akapiga kelele kutoka ndani. "Sikia mashine hiyo! Mama Visu huyo!"

Aliogopa kuizima. Akasimama hapo uani ameshika mikono ya mashine, akiomba mzee apitiwe na usingizi, akijua hatapitiwa. Moshi ukampita usoni, machozi yakamtoka, na hakuwa na haja ya kujidanganya kwamba ni ya moshi.

Muda ukapita. Kisha sauti ya mume wake ikatoka dirishani, ya chini, isiyo na mzaha hata chembe.

"Mke wangu, mbona sauti haisogei?"