Nilimpelekea mama horn speakers Birongo, kijiji kikaja na kuni za matanga

Wakuu, poleni na kazi.

Mimi ni fundi wa suti hapa Kisii mjini, na kama mnavyojua Msabato haapi ovyo. Kwa hivyo siapi. Ila mkipita Birongo mtaje tu "spika za mama fundi", mtaelekezwa hadi mlangoni, na huyo anayewaelekeza atakuwa anacheka.

Uzi ni mrefu kidogo. Vuteni kiti.

Kisa kinaanza na mama yangu na jirani yake, Bosibori. Hawa wawili wameimba kwaya pamoja tangu sijazaliwa. Mama alto, Bosibori soprano. Nyumba zao zinatazamana, katikati kuna kabonde ka migomba.

Miaka mitatu iliyopita, Bosibori alimwambia mwalimu wa kwaya, mbele ya watu wote, kwamba kuna sauti inateleza mwisho wa ubeti. Halafu akamtazama mama.

Mama alifunga kitabu cha nyimbo, akaenda kuketi benchi ya nyuma, na tangu siku hiyo hakuimba tena. Hata jikoni, ambako nimekua nikimsikia akiimba huku anasonga ugali, kimya. Yeye na Bosibori hawakusalimiana tena. Wakikutana njiani, kila mtu anaangalia viatu vyake.

Wakuu, ukimya huo uliniuma sana. Mama asiyeimba sikumjua.

Nikawaza: nikimwekea muziki mzuri kwa nyumba, labda siku moja atajisahau aimbe. Nilikuwa na flash yenye nyimbo za kwaya yao ya zamani, zilizotolewa kwenye kaseti.

Nikaanza na woofer kama kila Mkenya. Ile ya mataa. Mama aliisikiliza dakika moja hivi.

"Hii inanipiga tumbo tu," akasema. "Wanaimba nini?"

Alikuwa na haki. Bass ilikuwa tele, lakini maneno yalikuwa yamezama huko chini.

Ni humu humu jukwaani ndiyo nilisoma mkuu mmoja akisifu horn. Kwa wasiojua, ni spika ambayo sauti inapita kwenye mdomo uliopanuka kama tarumbeta. Inakula nguvu kidogo sana ya amp (kikuza sauti), inatupa sauti mbali, na maneno yanatoka wazi. Nikasema, hiyo ndiyo dawa ya mama.

Nilisikiliza jozi tatu kabla ya kuchagua, na flash yangu mfukoni. Hapo nawasihi: msikubali wimbo wa muuzaji. Wimbo wa muuzaji husikika vizuri hata kwa simu.

Za kwanza zilikuwa zile za chuma za kufungwa kwenye gari la matangazo. Kwaya nzima iliimba kama imebanwa pua.

Za pili zilikuwa mpya, zinang'aa. Wimbo wa kwanza nikafurahi. Wimbo wa tatu kila "s" ilikuwa inanidunga, na mimi sindano nazijua.

Za tatu zilitoka kwenye ukumbi wa zamani uliokuwa unabadilisha mitambo. Maboksi ya mbao, na juu yake horn za mbao pana kama ungo. Moja ilikuwa na kiota cha panya ndani, sitanii. Nikatoa kiota, nikaweka flash, nikafunga macho.

Nikasikia mtu akivuta pumzi kabla ya ubeti.

Ile pumzi naijua. Ndiyo hiyo aliyokuwa akivuta mama kabla ya kuniita nirudi nyumbani. Nililia mbele ya mlinzi wa ukumbi, mtu mzima mimi, tepu ya kupimia ikiwa shingoni.

Nilizikalisha kwanza kwetu mjini wiki mbili, nizijue tabia. Mke wangu Kwamboka alizitazama zimejaza sitting room, akaniuliza, "Hawa wageni watalala wapi?"

Nikajifunza kuwa horn hutaki kuisikiliza ukiwa karibu. Ukikaribia, sauti za juu zinatoka huku, za chini kule, kama suti ambayo koti na suruali ni za vitambaa tofauti. Nikarudi nyuma, nikarudi nyuma, mpaka nikapata pale zinaposhikana. Pale palikuwa jikoni. Wiki mbili nimesikiliza kwaya nikiwa nimeegemea sufuria, na Kwamboka ananizunguka na mwiko.

Sasa siku yenyewe. Jumapili asubuhi nikakodisha Probox ya mzee Onchari, mtu wa huko kwetu Birongo. Maboksi yakajaa ndani, horn tukazifunga juu ya gari kwa kamba.

Onchari akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hizi ni za nini?"

Mimi na furaha zangu nikamjibu, "Ni za mama. Ametaabika sana huyo mama. Nataka sasa apumzike."

Akavua kofia.

Akaendesha polepole sana, taa zikiwa zimewashwa mchana kweupe. Nikadhani anaogopa kunivunjia spika. Kila tukipita watu, anainua mkono kidogo, nao wanasimama. Nikasema moyoni, kumbe Onchari ni mtu wa heshima hivi!

Wengi wenu mmeshaelewa. Mimi sikuelewa kitu.

Kwetu mtu hafi, anapumzika. Na horn juu ya gari huingia kijijini kwa mambo mawili: siasa au matanga. Haukuwa wakati wa siasa.

Aliponishukisha alinishika bega akaniambia, "Jikaze." Hakuingia hata kusalimu. Aligeuza gari akaenda. Nilikuwa nimemwambia asante, nitajikaza, maboksi ni mazito kweli.

Mama alikuwa jikoni na mboga zake za chinsaga. Nikapanga spika. Chumba ni chembamba, kwa hivyo nikazielekeza mlangoni, na mlango ulikuwa wazi. Halafu kwa mazoea ya woofer, nikazungusha volume ya amp hadi katikati.

Weee!

Kwaya ilitoka na mlango, ikavuka migomba, ikapiga kilima cha ng'ambo ikarudi. Kuku wakatawanyika. Nikaruka kupunguza, lakini mama alikuwa ameshatoka jikoni, amesimama na mwiko wake.

"Wacha," akasema.

Akaketi. Akasikiliza. Baada ya muda akaonyesha horn ya kushoto kwa mwiko. "Huyo ni mimi."

Hakuimba. Lakini mdomo ulikuwa unacheza, wakuu. Nikabana pumzi nisimshtue.

Wimbo wa tatu ndiyo nilisikia kilio nje. "Baba minto! Baba minto!" Wale wa mbali msichanganyikiwe, kwa Ekegusii baba ni mama. Hicho ni kilio cha kumlilia mama.

Nikachungulia. Wanawake wanateremka kwa mstari, kuni kichwani. Nyuma yao wanaume wawili wamebeba tenti. Na mbele ya wote, na mzigo mkubwa kuliko wote, Bosibori, machozi yanamtiririka na hana mkono wa kuyapangusa.

Mama akatokea mlangoni. "Nani amekufa?"

Kuni za Bosibori zikaanguka zote.

"Si ni wewe!"

"Mimi?"

"Onchari amesema umepumzika!"

Watu wote wakanigeukia mimi. Wakuu, mimi ni mrefu, lakini siku hiyo ningeingia kwenye kile kiota cha panya.

Bosibori alikalia kuni zake akalia upya, kilio kingine kabisa. "Nimetembea huko kote nikisema, nilikuwa nimuombe msamaha, na sasa amekufa."

Mama akasogea, akaketi kando yake pale pale kwenye kuni.

"Basi omba sasa," akasema, "nikiwa nasikia."

Sitawaandikia walichoambiana. Mimi mwenyewe nilienda nyuma ya nyumba kuhesabu ndizi.

Niliporudi walikuwa wameshikana mikono, na flash bado inaimba. Ikafika mwisho wa ubeti. Sauti moja ikateleza. Kwa woofer hungeisikia hata ukilipwa, lakini kwa horn ilitoka wazi kama mtu aliyeteleza kwenye matope mbele ya kanisa.

Bosibori akainua kichwa. "Rudisha hapo."

Nikarudisha. Ikateleza tena. Boma lote limetega masikio, hata wenye tenti.

"Hiyo ni soprano," Bosibori akasema taratibu. Halafu akajishika kifua. "Woi! Hiyo ni mimi!"

Mama alicheka mpaka akashikilia mwimo wa mlango. Alicheka kicheko cha miaka mitatu yote. Na alipomaliza kucheka akavuta ile pumzi yake, akaanza alto. Bosibori akaingia juu yake, pua imeziba na kila kitu. Wale wanawake wengine wakafuata.

Nikazima spika ili nisikie vizuri.

Kisha tukachemsha chai ya watu wote kwa kuni za matanga ya mama, na mama mwenyewe ndiye aliyekoroga.

Sasa hivi spika ziko kwake Birongo. Nimezigeuza, hazitazami mlango tena. Mama amezifunika midomo kwa vitambaa alivyofuma kwa mkono, na mimi mtaalamu sina ubavu wa kuvitoa. Nitasema ukweli: vile vitambaa vimelainisha sauti, sasa ni nzuri zaidi. Na Sabato mama anaketi mbele, na wenye alto.

Nilichojifunza? Nenda kusikiliza na wimbo unaoujua. Hakikisha una nafasi ya kurudi nyuma. Volume iguse kidogo tu. Jua kwamba horn haifichi kitu, kwa hivyo kabla hujaleta kwako fikiria ni nani ataumbuka.

Na usimwambie dereva wa Birongo kwamba unataka mama apumzike. Sema unataka aketi.

Haya, nimemwaga yangu. Wenye horn nyumbani, zenu zimemuumbua nani? Na kuna mwenye dawa ya panya wanaopenda mbao za zamani? Wameanza kurudi.

EDIT: Nimemsomea mama uzi huu kwa simu, Bosibori akiwa hapo hapo kando yake. Mama anasema nimesahau jambo moja muhimu, niliongeze: siku ile njiani, akimlilia, sauti ya Bosibori haikuteleza hata kidogo.