Damu Iliyonifanya Dada

Bwana yangu alinitolea damu, kisha akaniita dada. Wanawake wa mtaa wetu hapa Kasongo wakinisikia nikisema hivyo wanacheka, na mimi siwakatazi. Wacheke. Si wao waliolala juu ya kitanda cha maternite, mutoto amekwisha kutoka, analia vizuri, na damu inawatoka kama maji ya mtungi uliopasuka.

Grupu yangu ya damu ni O. Mutu wa O anaweza kuwasaidia wengi, lakini yeye akiishiwa anapokea ya O peke yake. Hayo niliyasoma shuleni nikayajibu kwenye mtihani, basi, nikayasahau. Siku ile friji ya damu ilikuwa tupu. Ndugu zangu wako Wamaza, na mvua ilikuwa imekata barabara, hata pikipiki zilirudi. Shemeji mmoja alipimwa akaonekana A. Mwingine aliiona sindano tu, akasema ana kizunguzungu, akatoka. Akabaki bwana. Wakampima: O. Akalala kitanda cha pili, akanyoosha mkono, machozi yanamtoka. Siwezi kumnyima hilo. Siku ile alikuwa mwanaume.

Nilipopata nguvu ya kurudi nyumbani, muganga wa labo, yule aliyetupima damu, aliniita pembeni.

“Mama, siku ingine tafuta damu ya ndugu zako. Ya bwana iwe ya mwisho kabisa.”

“Juu ya nini? Si yake ni O kama yangu?”

“Ni O. Lakini damu iko na alama zingine, ndogo-ndogo, na hapa hatuna dawa ya kuzipima. Mwili wako unaweza kuzikataa, ukatengeneza askari. Ukibeba mimba ingine, na mutoto akirithi alama za baba yake, wale askari wanaweza kumuingilia tumboni na kuvunja damu yake. Wanaweza, si lazima. Bukavu watakupima.”

“Na mbele ya kunitia hiyo damu ulinyamaza?”

“Mbele ulikuwa unakufa, mama.”

Nilibeba mutoto wangu na hasira yangu, nikaenda.

Nyumbani, mama mukwe alinitazama kama sufuria isiyo yake. “Damu ya mwanangu iko ndani yako?”

“Ndiyo, mama.”

“Basi mumechanjana.”

Yeye ni mzaliwa wa upande wa Kabambare. Zamani kule, wanaume wawili waliotaka kuwa ndugu walichanja ngozi, kila mmoja akaonja damu ya mwenzake. Toka hapo hawakudanganyana, na watoto wao hawakuoana. Ilikuwa mwiko.

“Na wale walilamba tone tu,” akasema. “Weye umemeza mufuko mzima.”

Nikamgeukia bwana, nikingoja acheke. Hakucheka. Alikuwa anafikiri, na mimi nilijua anafikiri wapi. Kule Salamabila, anakokwenda kununua dhahabu, kulikuwa na mwanamke. Habari zake zilinifikia mimba ikiwa bado tumboni. Sasa mama mukwe amemfungulia bwana mlango wa kuniacha. Jioni ileile alihamisha godoro sebuleni. Asubuhi akaniambia, “Dada, umeamkaje?” Nikadhani ni mzaha.

Baba mkubwa wake aliita kikao cha ukoo, akamwita na mwalimu wa msikitini. Mwalimu hakuzunguka: “Ukitoa ukoo, udugu unaokataza ndoa ni wa maziwa, ya mutoto anayenyonya. Damu ya sindano ni dawa. Huyu ni bibi yako.”

“Mwalimu, hiyo ni dini,” bwana akasema. “Miye nasema mila.”

Mila! Huyu ndiye aliyemfukuza nyanya yangu mzaa mama barabara ilipofunguka, alipokuja maternite kumfunga mutoto uzi wa kienyeji kiunoni. “Sisi ni waislamu, mama, mambo ya porini hatutaki.” Siku ile mila ilikuwa ya porini. Leo imevaa kanzu.

“Arudi kwao,” mama mukwe akasema. “Mwanangu hawezi kulala na dada yake.”

Nikasimama, mutoto kwenye ziwa. “Sawa, mama. Mimi ni dada. Tangu lini dada anafukuzwa kwa baba yake? Bwana akinikosea, si hapa ndipo ningerudi? Nimekwisha kufika.”

Shemeji wa kizunguzungu akacheka mpaka akakohoa. Baba mkubwa alikuna ndevu, akasema nina haki, nitakaa katika parsele, ndani ya uwanja wa ukoo, na chumba changu. Wakaona wamenipa kitu. Nilichokitaka ni bwana. Walinipa ukuta na bati.

Yeye bwana akaenda Salamabila, akamuoa yule mwanamke.

Mutoto alipoanza kutembea, akarudi. Wamegombana kule. Mchana mweupe, mimi napepeta mchele, anasimama mlangoni kwangu na shati jipya.

“Mama ya mutoto, nimechoka kulala peke yangu.”

“Pole, kaka.”

“Acha hayo. Mwalimu alisema damu ni dawa tu.”

Nitasema bila haya: nilimtaka. Na ninataka mutoto wa pili, wa tumbo langu, mzima. Kwa hiyo nilimwambia maneno mawili. La kwanza, twende Bukavu wapime damu yangu, tujue kama hao askari wapo, kabla sijabeba mimba ya kuja kuizika. La pili, avuke uwanja sasa hivi, amwambie mama yake kwa kinywa chake kwamba mimi ni bibi yake.

Akatazama chini. Akasema Bukavu ni mbali.

Ni mbali, hata mimi ninajua, njia ni mbaya. Lakini mama yake alikuwa ameketi pale ng’ambo ya uwanja, anachambua majani ya sombe, anatuangalia. Bwana alimtazama, akanitazama, akapanda pikipiki, akaondoka bila kuuvuka uwanja.